Timu ya chuo chako imefungwa mechi ya kwanza? Kabla hujauza tiketi, nisikilize

Jumamosi usiku mpwa wangu kanipigia. Kaja Marekani mwaka huu huu, yuko mwaka wa kwanza chuoni, wiki mbili za masomo hazijaisha na tayari ana jezi, kofia, blanketi la timu ya chuo ya mpira wa Kimarekani (American football), mpaka kikombe cha chai kina nembo. Napokea nasikia kimya, alafu "Anko, tumefungwa." Nikamwambia najua, nimeangalia. "Nyumbani, anko. Mechi ya kwanza." Sauti ile ya mtu ambae akiongeza neno moja tu atalia, na hataki usikie.

Chuo chake sitakitaja, yaliyowakuta yanatosha. Na hayuko peke yake, kila mwaka mwisho wa Agosti kuna vyuo kibao mashabiki wake wanaingia uwanjani wanaamini huu ndio mwaka wetu, na masaa matatu na nusu baadae wanatoka wanaangalia chini, hakuna anaeongea na mwenzie. Sikumcheka. Wengine nyumbani wangemcheka, mpira wenyewe unachezwa kwa mikono, wachezaji wenyewe wanafunzi, sasa unalia nini? Mimi siwezi kumcheka kwasababu tarehe 1 Septemba 2007 nilikuwa ndani ya uwanja wa chuo cha Michigan, mji wa Ann Arbor, na niliyoyafanya baada ya siku ile ndio yamenifanya niandike hii.

Kwa ambae hajui, nieleze kidogo kwanini inauma hivi. Ligi yetu ya Bara timu inacheza mechi 30, ukifungwa ya kwanza una 29 za kurekebisha. Huku vyuoni msimu wa kawaida ni mechi 12 basi. Na hakuna mechi za kirafiki za kujipima na timu nyingine kabla ya msimu, kuna mazoezi ya April wanagawana wenyewe kwa wenyewe wanacheza, alafu mwezi wa nane wanafanya mazoezi mazito, alafu moja kwa moja mechi ya kweli mbele ya watu laki moja. Shabiki anakuwa kasubiri tangu Novemba au Januari, miezi nane au tisa anasoma habari za kijana gani kasajiliwa, nani kaongeza kilo ngapi za misuli, kocha kasema nini, na kila habari ni nzuri kwasababu hakuna timu inayofungwa mwezi wa sita. Kwaio mechi ya kwanza unaenda umebeba miezi yote ile kifuani, na ikivunjika inavunjikia humo humo.

Sasa 2007. Mi nilikuwa mwanafunzi mgeni wa shahada ya pili, nimetoka Tanga, nimefika Ann Arbor mwaka mmoja kabla. Msimu wa 2006 ndio ulionikamata. Michigan ilishinda mechi 11 mfululizo, ikaenda kucheza na mahasimu wetu Ohio State, nao hawajafungwa, namba moja na namba mbili nchi nzima, tukafungwa 42-39. Alafu tukafungwa tena na USC 32-18 kwenye Rose Bowl, moja ya zile mechi za bowl zinazochezwa msimu wa kawaida ukiisha. Inauma, ila vijana watatu wakubwa wa timu, Chad Henne kwotabeki (anaeongoza mashambulizi na kurusha mpira), Mike Hart mkimbiaji, na Jake Long yule jitu la mstari wa mbele, wote wangeweza kwenda kulipwa NFL, ligi kuu ya kulipwa huku, na wakasema hapana tunarudi mwaka mmoja tumalize kazi. Unaelewa hapo shabiki anakuwaje? Tulianza msimu tukiwa namba 5 kwenye kura za waandishi wa habari za AP, zinazopanga timu 25 bora nchi nzima. Rangi za chuo ni njano ya mahindi na bluu, na wanaiita kweli rangi ya mahindi, na mi nilivoona vile watu elfu mia na tisa wamevaa mahindi nikasema hapa ndio kwetu.

Watu 109,218 siku ile. Ukiujaza Uwanja wa Mkapa siku ya Simba na Yanga ni elfu 60, ongeza karibu hamsini juu yake, ndio unaipata picha.

Mpinzani alikuwa Appalachian State, chuo cha mji mdogo wa Boone milimani huko North Carolina. Hawakuwa hata daraja letu. Walikuwa daraja la chini yake, ambako enzi hizo chuo kilikuwa kinaruhusiwa kutoa ufadhili wa wachezaji 63 wakati sisi tulikuwa tunatoa 85. Mechi kama hizo vyuo vikubwa huwa vinawalipa wadogo waje wafungwe, wachukue hela yao waondoke, kila mtu anajua mpango. Ila hawa walikuwa mabingwa wa daraja lao miaka miwili mfululizo, 2005 na 2006, na hilo kwenye jukwaa letu hakuna alielitaja, mimi mwenyewe nilikuwa silijui. Nilijua tu jina lao ni refu.

Tukafunga sisi kwanza, haraka haraka, nikasema haya ndio yale. Alafu wakaanza kukimbia. Kwotabeki wao Armanti Edwards, kijana mwembamba, alikuwa akishika mpira hujui atarusha au atakimbia, na wenzake wametandazwa uwanja mzima upande huu na upande ule, mabeki wetu wakubwa wazito wanabaki wanageuka geuka tu. Mapumziko 28-17, wanaongoza wao. Pale jukwaani nilisikia kitu sijawahi kusikia tena, uwanja wa watu laki moja umenyamaza mpaka unasikia bendi yao ndogo pembeni. Kipindi cha pili tukarudi polepole, Hart alikuwa kaumia akarudi akakimbia yadi 54 mpaka mwisho, tukaongoza 32-31 zimebaki dakika nne na kitu. Nilimkumbatia mzee mmoja wa Kizungu ambae sijawahi kumuona kabla wala baada. Tungeweza kumaliza pale, teke letu la pointi tatu likazuiwa. Wakapata mpira, hawana hata taimauti moja (ruhusa ya kusimamisha saa), wakatembea uwanja mzima, wakapiga teke lao likaingia, zimebaki sekunde 26, 34-32.

Na bado tukapata nafasi. Henne akarusha mpira mrefu sana kwa Mario Manningham akaudaka, zimebaki sekunde 6, teke la yadi 37, ambalo mazoezini linaingia. Corey Lynch wa Appalachian akapita mstarini akaliziba, akaokota mpira akakimbia nao kuelekea upande wa pili mpaka muda ukaisha. Ndio picha ya mwisho. Kule Boone, maili mamia kutoka pale, watu walivamia uwanja wao mtupu wakang'oa nguzo za goli kwa furaha.

Ilikuwa mara ya kwanza timu ya daraja lile kuifunga timu ya daraja la juu iliyomo kwenye orodha ya AP. Jumanne kura zikatoka, tumetoka namba 5 mpaka nje ya 25 kabisa. Na AP wakabadilisha utaratibu wao ili vyuo vya daraja la chini navyo viweze kupigiwa kura.

Haya, sasa nije kwa niliyoyafanya mimi, maana ndio ushauri wenyewe umo humo.

La kwanza, siku ile sikumpigia mama. Enzi hizo nilikuwa nanunua kadi za simu, kila Jumamosi napiga Tanga kabla hajalala, ndio ahadi yetu. Sikupiga. Jumamosi iliyofuata Oregon wakaja hapo hapo kwetu wakatufunga 39-7, sikupiga tena. Nilikuwa nimefunga mlango, nasoma mitandaoni watu wanatukana na mimi naandika humo humo, kocha aondoke, fulani hajui kupiga teke, fulani mzito, maneno ambayo hapa siyarudii. Wiki ya tatu mama akatafuta mtu mwenye laini ya kupiga nje akanipigia yeye. "Unaumwa, baba?" Nikamwambia siumwi mama, timu yetu imefungwa. Akanyamaza kidogo. Alafu akaniuliza, na aliuliza kwa moyo kabisa, "Hao watoto waliocheza, mama zao wamewapigia?"

Nilikosa la kusema. Kwasababu kwenye siku zote kumi na nne zile sikuwahi hata mara moja kufikiria kwamba yule aliepiga teke ana mama.

Na kabla ya hapo, ile Jumanne ya wiki ya kwanza, nilikuwa kwenye basi la chuo la kwenda North Campus, akapanda kijana mmoja wa timu, sikumjua jina, ila mwili ule na begi lile la timu hukosei. Basi zima lilinyamaza. Nyuma kuna mtu akasema kitu kwa sauti ya chini, sio ya chini sana. Yule kijana alisimama vituo vyote ameshika bomba anaangalia viatu vyake, mkono umefungwa bandeji mpaka kwenye kiwiko, alafu akashuka kwenda darasani kama sisi. Miaka kumi na tisa, ishirini. Mimi nilikuwa na ishirini na sita na niligeuza uso dirishani. Mpaka leo natamani ningemwambia pole, neno moja tu, pole.

Kwaio mpwa wangu aliponiambia kwamba ameandika kitu kwenye ukurasa wa mpigaji wao wa mateke, nilimkata pale pale. Nikamwambia futa kabla hatujaendelea na maongezi, nasubiri. Akafuta. Akaniambia anko siku hizi wanalipwa. Ndio, najua, tangu Julai 2021 wanaruhusiwa kupata hela kwa jina na sura yao, na kuanzia 2025 vyuo vyenyewe vinaweza kuwagawia mapato moja kwa moja. Sipingi, wanastahili, uwanja unajaa kwa jasho lao. Ila mshahara haumnunulii mtu haki ya kumtukana kijana wa miaka kumi na tisa usiku ambao yeye mwenyewe hajalala. Kama una hasira na umeshika simu, iweke chumba kingine mpaka asubuhi. Mpe mtu mwingine akushikie. Namaanisha, kabisa.

Na hapo hapo nikamuuliza, umebeti? Akasita. Alikuwa kaweka mkeka, timu yake ishinde kwa tofauti ya pointi kadhaa. Jamani. Huku tangu Mahakama Kuu ya nchi ilivofungua njia mwaka 2018 majimbo mengi yameruhusu, simu ya kila mwanafunzi imekuwa dirisha la kubetia, na mi naona kabisa kinachotokea, maumivu ya timu yanachanganyika na maumivu ya hela mpaka mtu mwenyewe hajui analia kipi, na hasira ya mkeka uliochanika inamwendea mchezaji. Timu unayoipenda usiiwekee hela. Ukishaiweka hela haiwi timu yako tena, inakuwa mdeni wako. Kwenye hili sina mjadala na mtu.

La pili nililofanya, na hili ndio linaniuma zaidi mpaka leo. Baada ya Oregon niliuza tiketi zangu zote zilizobaki. Nilikuwa na tiketi za msimu za wanafunzi, mechi nane za nyumbani, nimeangalia mbili, nikauza sita kwa jamaa wa maabara ya jirani kwa bei ya kutupa, nikamwambia chukua, msimu umeisha.

Msimu haukuwa umeisha. Jumamosi iliyofuata pale pale uwanjani tukaifunga Notre Dame 38-0. Wiki moja baadae Penn State 14-9. Tulishinda mechi nane mfululizo na mimi nyingi nilizisikia kwa dirishani, kutoka nilipokuwa nakaa kelele za uwanja zinafika, unasikia watu laki wanalipuka alafu unakimbilia redio kujua nini kimetokea. Nilikuwa na kiti changu pale ndani na nimekiuza kwa hasira ya wiki moja.

Mwisho tukafungwa na Ohio State nyumbani 14-3, kocha Lloyd Carr akatangaza kustaafu siku chache baadae, na mechi yake ya mwisho tarehe 1 Januari 2008 huko Orlando tukacheza na Florida ya Tim Tebow, kijana alietoka kushinda tuzo ya Heisman, ya mchezaji bora wa vyuo, wiki tatu tu kabla, kila mtu anasema tutapigwa. Tukashinda 41-35. Henne, Hart na Long walikuwa wamecheza miaka yote bila kushinda mechi ya bowl hata moja, wakaipata siku ile ya mwisho, na vijana wakambeba mzee Carr mabegani. Niliangalia chumbani peke yangu nikalia kama mtoto. Tulimaliza 9-4, yaani tumeshinda tisa tumefungwa nne, namba 18. Na bingwa wa nchi mwaka ule? LSU, timu iliyofungwa mechi mbili. Enzi hizo hakuna mtoano, timu mbili tu zinachaguliwa kwa kura na kompyuta kwenda fainali, na bado bingwa alifungwa mara mbili.

Leo njia ni pana zaidi. Tangu msimu wa 2024 timu 12 zinaingia mtoano. Notre Dame msimu ule ule wiki ya pili walifungwa nyumbani kwao na Northern Illinois 16-14, watu wakawazika, na wao ndio walifika fainali. Alabama 2025 walifungua msimu kwa kufungwa 31-17 na Florida State, timu ambayo mwaka uliotangulia ilishinda mechi mbili tu, na ukiangalia mwisho wa msimu Alabama ndio waliingia mtoano, Florida State wakamaliza 5-7. Hata Ohio State, na mi kuwasifia hawa inanichoma koo, 2014 walifungwa nyumbani wiki ya pili na Virginia Tech 35-21 na ndio waliobeba kombe.

Ila subiri, sitaki mtu aondoke hapa anadhani namwambia "itakuwa sawa". Sijui kama itakuwa sawa. Mwaka uliofuata, 2008, kocha mpya Rich Rodriguez, mechi ya kwanza nyumbani, tukafungwa na Utah 25-23. Na mimi nikiwa nimejifunza somo langu la mwaka jana nikawa natembea kifua mbele nawaambia watu tulieni, mnakumbuka 2007? Tulimaliza 3-9. Tulikuwa tumeenda mechi za bowl miaka 33 mfululizo, ikaishia hapo. Hao Utah hawakufungwa msimu mzima, 13-0. Kwaio kufungwa mechi ya kwanza kunaweza kuwa ajali na kunaweza kuwa ndio ukweli wenyewe unakuja mlangoni, na kazi yako kama shabiki unaeipenda timu ni kujaribu kutofautisha.

Utatofautishaje? Hapa ndio naona watu wengi tunapotea, na mimi nilipotea. Mwaka 2007 sisi wote tulishika swali moja, tumefungwa na NANI. Appalachian! Daraja la chini! Aibu! Wiki nzima aibu, majirani wanacheka, televisheni inarudia lile teke kila saa. Hakuna alieuliza tumefungwaJE. Na jibu la "je" lilikuwa wazi, tumefungwa na kwotabeki anaekimbia kwenye mfumo wa kutandaza wachezaji uwanja mzima, mabeki wetu hawajui waende wapi. Alafu nani alikuja wiki ya pili? Oregon na Dennis Dixon, kwotabeki anaekimbia, mfumo wa kutandaza. Yale yale, na zaidi. Kama ungeitazama mechi ya kwanza kwa jicho la "je" usingeshangaa ya pili, na usingeshangaa pia kwamba Notre Dame wiki ya tatu, ambao hawakuwa na mtu wa namna ile, walipotea kabisa. Jina la mpinzani lilituficha kila kitu.

Kwaio nilimwambia mpwa wangu, Jumapili lala. Jumatatu jioni irudie mechi, sio yote kama huwezi, robo ya kwanza na robo ya nne, na usiangalie mpira. Angalia wale wanene wa mstari wa mbele, wetu na wao, pale mpira unapoanza nani anarudi nyuma. Kama mmefungwa kwasababu ya mipira kudondoka, adhabu za makosa madogo madogo, watu kumi uwanjani badala ya kumi na moja, taimauti za kupoteza, hayo ni mambo ya mechi ya kwanza, hasa siku hizi ambapo wachezaji wanahama chuo kwenda chuo kila mwaka na nusu ya timu hawajazoeana hata majina. Yanarekebishika, na makocha wenyewe huwa wanasema hakuna wiki timu inabadilika kama ile kati ya mechi ya kwanza na ya pili. Kama mmefungwa kwasababu mstari wenu ulisukumwa nyuma mchezo baada ya mchezo, mkimbiaji hapati hata yadi mbili, kwotabeki yuko chini kila mara, hapo pole. Huwezi kupata mtu wa kilo mia na arobaini sokoni mwezi wa tisa. Na kama mmefungwa kwa mfumo ambao hamkuwa na jibu, angalia ratiba, hesabu ni nani wengine wanacheza vile, hizo ndio mechi za kuogopa.

Aliniambia "anko, mpira ulidondoka mara nne." Nikamwambia haya, sasa tunaongea.

Kuna jingine nataka niseme maana halisemwi sana, hasa kwa sisi tuliokuja huku wageni. Timu ya chuo inakupa watu. Mi nilifika Ann Arbor simjui mtu, baridi inaniua, Kiingereza changu cha darasani watu hawakielewi, na Jumamosi moja nikavaa fulana ya mahindi na ghafla mtu dukani ananisalimia "Go Blue", na mi namjibu, na tumeshakuwa na la kuongea. Hicho ndio kilichokuwa kinalia ndani ya mpwa wangu usiku ule, kuliko hata pointi zenyewe. Wiki mbili alikuwa na watu, bweni zima linaimba pamoja, alafu mechi imeisha kila mtu kaingia chumbani kwake kafunga mlango. Nikamuuliza umekula? Hajala. Mwenzio wa chumba yuko wapi? Yuko kitandani kajifunika. Nikamwambia muamshe, tokeni mkale, saa hizi hizi, na msiongelee mechi mpaka chakula kifike. Hakutaka. Nikamwambia sikuombi, nakutuma. Akaenda.

Na mwaka 2014 nilirudi Ann Arbor makusudi, tarehe 30 Agosti, mechi ya kwanza ya msimu, wameletwa tena Appalachian State. Safari ile nilikaa na mke wangu. Tukawafunga 52-14. Watu wanakumbatiana, wengine wanafuta machozi, deni la miaka saba limelipwa, na mimi nilisimama pale nikapiga kelele mpaka sauti ikaisha. Msimu ule tulimaliza 5-7 na kocha Brady Hoke akafukuzwa. 2018 tukafungua kwa kufungwa na Notre Dame 24-17, tukashinda kumi mfululizo. Na 2023 hatukufungwa kabisa, mechi 15, kombe, fainali dhidi ya Washington 34-13 kule Houston. Siku ile nilimpigia mama. Alikuwa bado kalala, Tanga kumeshapambazuka, nikamwambia mama tumeshinda. Akauliza wale watoto wazima? Nikamwambia wazima wote, mama.

Mpwa wangu kanitumia ujumbe jana. Mwenzie wa chumba anataka kuuza tiketi yake ya Jumamosi hii, na yeye anauliza afanyeje, wauze zote mbili? Nimemtumia picha ya ile karatasi yangu ya tiketi ya 2007, kipande cha Appalachian State, ndio pekee nilichobaki nacho cha msimu ule, chenyewe na cha Oregon. Nikamwandikia kwamba vile sita vya kuanzia Notre Dame sina, na sitavipata. Kanijibu mechi ni saa sita mchana, wanatoka bwenini saa tatu asubuhi wote wawili, na kaniuliza kama kofia ya wiki iliyopita ina mkosi. Nimemwambia aivae.